Nauza Altezza RS200 ya gia sita: niliyoifanyia, na yanayoiuma

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Naanza na bei ili asiye na muda asipotezewe: shilingi milioni 17 na nusu. Maongezi yapo, ila si ya kukata nusu. Toyota Altezza RS200 ya 2001, gia sita za mkono, rangi ya fedha, namba C, kadi ina jina langu. Ipo Tabata, Dar es Salaam. Wenye muda tukae sasa, maana gari hii haiuziki kwa mistari mitatu na picha nne.

Ninayo tangu 2013. Niliichukua mnadani Japani kupitia wakala, na karatasi ya mnada ninayo mpaka leo: gredi 4, kilomita 96,000, A1 mbili kwenye bampa la mbele, U1 moja mlango wa nyuma kushoto. Kwa msiozijua herufi hizo, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, na namba inaonyesha ukubwa wake. Ukikuta gredi R, ujue gari iligongwa ikatengenezwa. Yangu haikuwa na W hata moja. Leo inasoma 187,400.

Sababu ya kuuza: tumepata mtoto wa tatu, na mama yangu sasa anaishi nasi. Magoti yake hayamruhusu kushuka kwenye gari iliyo chini hivi. Kila Jumapili tukienda kanisani inabidi nimvute mikono miwili, naye hasemi kitu, lakini naona anavyouma meno. Nahitaji Noah.

Gari yenyewe sasa. Altezza Dar zimejaa, najua. Nyingi mnazoziona ni AS200 yenye injini ya 1G-FE, silinda sita, nguvu farasi 160. Injini ngumu ile, siisemi vibaya. RS200 ni silinda nne, 3S-GE ya BEAMS, cc 1998, VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali) upande wa kuingiza hewa na upande wa kutoa moshi, nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7,600. Kipenyo cha silinda ni milimita 86 na pistoni inapanda milimita 86, mraba kamili. Ya gia za mkono ilipewa vali za titani; ya otomatiki ina farasi 200. Altezza ilitoka 1998 chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, ikabeba tuzo ya gari bora la mwaka Japani 1998–1999, na uzalishaji ukaishia 2005. Huko nje iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Wapo wanaobandika nembo ya RS200 kwenye AS200 wakapandisha bei. Usisome nembo. Fungua boneti utafute kibati cha modeli: SXE10 ndiyo RS200, GXE10 ni AS200.

Niliyoifanyia, kwa mpangilio wa kauntabuku langu:

2013, ilipotoka bandarini haikutembea wiki mbili kabla sijabadilisha mkanda wa taimingi, tensha, pampu ya maji na sili zote za mbele. Injini hii ni ya mkanda, si ya cheni, na kiwanda kinasema kilomita 100,000. Hakuna muuzaji atakayekuambia mkanda umeshakatika nyuzi. Huo wa 2013 niliutoa tena nikiwa na 171,000, mapema kwa makusudi.

2015, shokapu za TEIN za kupandisha na kushusha. Nimeshusha sentimita 3 tu. Vijana wengi waliniuliza mbona sishushi hadi tairi iingie kwenye fenda. Nawajibu hapa: nakaa Tabata, matuta ninayoyapita kwa siku hayahesabiki, na sijawahi kukwangua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hata mara moja.

2016, rimu za RAYS TE37 inchi 17, tairi 215/45, saizi ileile ya kiwandani. Mwaka huohuo nikafunga baa ya Cusco juu ya shokapu za mbele.

2017, klachi ya Exedy, pamoja na beringi yake, na flaiwili ikasawazishwa.

2018, bomba la moshi la TOM'S, kuanzia katikati kwenda nyuma. Kataliti ya kiwandani, ile ya kusafisha moshi, ipo mahali pake. Ukiwa ndani na vioo juu unaongea na abiria bila kupaza sauti.

2020, diski za mbele mpya na pedi za Project Mu.

Injini ndani haijaguswa. Kompyuta yake ni ya kiwandani. Sijafunga tabo (turbo, ya kuisukumia injini hewa zaidi), na nitaeleza sababu nikiulizwa, maana najua nitaulizwa.

Na hapa ndipo ninapotaka mnunuzi anisikilize kuliko penginepo. Kila kilichotoka kwenye gari hii kipo. Shokapu za kiwandani na springi zake, rimu za kiwandani nne, bomba la kiwandani, vyote viko stoo vimefungwa kwa turubai, na vinakwenda pamoja na gari kwa bei hiyohiyo. Japani gari hukaguliwa kila miaka miwili kwa kile wanachokiita shaken, na pale inabidi gari iwe na nafasi ya sentimita 9 chini na sauti iliyo ndani ya kiwango. Kwa hiyo mwenye gari iliyobadilishwa huhifadhi vya kiwandani, na akiuza huandika kwenye tangazo kwamba vipo. Huku kwetu tunavitoa tunaviuza kwa wauza spea wa Ilala wiki hiyohiyo. Mnunuzi anakuja kukuta gari yenye vitu vya watu wengi, hakuna anayejua ilikuwaje mwanzo. Mimi nasema gari iliyobadilishwa ununue kwa vitu viwili: daftari lake, na vile vilivyotolewa. Rimu yeyote atafunga.

Yanayoiuma:

Gia ya tatu. Injini ikiwa baridi, ukiingiza kwa haraka kutoka ya pili, inakwaruza. Ikishapata joto inaingia vizuri. Chanzo nakijua: 2019 gereji moja ilimwaga oili ya gia boksi ikarudisha pungufu, nami nikaondoka nayo hivyohivyo hadi Dodoma. Nilipogundua, sinkronaizi, ile pete inayolainisha gia kuingia, ilikuwa imeshalika. Haijazidi tangu hapo, lakini haitapona yenyewe.

Bampa la nyuma limepakwa rangi upya, bodaboda aliniingia kwa nyuma kwenye foleni ya Buguruni. Kioo cha taa za mbele kimeanza unjano. Rangi ya boneti imepauka kwa jua, inaonekana ukiitazama kwa ubavu. Inakula oili nusu lita kila kilomita 3,000, nimepima, haipandi. Boli jointi za chini za mbele ni ugonjwa wa gari hizi. Ya kushoto nilibadilisha 2021, ya kulia mwaka jana.

Picha 34 nimeziweka hapo chini, zikiwemo za uvunguni. Karibuni muulize.

Namba D

Mkuu heshima yako, gari safi. Ila Altezza namba D zipo milioni 9, nimeona tatu wiki hii. Namba C kwa 17.5 utakaa nayo sana.

Mleta uzi

Mkuu, sikatai zipo. Herufi ya namba inasema gari ilisajiliwa lini Tanzania, basi. Haisemi ilitengenezwa lini, wala ilitunzwaje. Hiyo ya namba D inaweza kuwa ya 1999 iliyokaa Japani miaka mingi zaidi ya yangu. Waulize wenye hizo tatu maswali matatu tu: SXE10 au GXE10? Gia za mkono au otomatiki? Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na risiti iko wapi? Ukipata RS200 ya mkono yenye majibu yote kwa milioni 9, ichukue leo hii, mimi mwenyewe nitakusindikiza.

Na ukitaka kuagiza nyingine Japani leo, fungua kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato, uone. Gari iliyozidi miaka 10 inabebeshwa ushuru wa ziada wa uchakavu 30%, juu ya ushuru mwingine wote. Zaidi ya hapo, RS200 ya mkono iliyo nzima huko kwao sasa inatafutwa.

Boksa Nne

Mimi ni mtu wa Subaru, nina Impreza WRX ya GDB, kwa hiyo nauliza kwa nia njema. Miaka yote hii hujafunga tabo? Injini za tabo za Toyota Caldina, 3S-GTE, zimejaa Ilala. Ungepata farasi 260 bila jasho.

Mleta uzi

Swali nililolisubiri, asante.

3S-GE hii ina kompresheni, yaani inavyoubana mchanganyiko wa hewa na mafuta, ya 11.5 kwa 1. Ndiyo maana inavuta hivyo bila tabo, na ndiyo maana inataka petroli ya oktani ya juu. Ukiisukumia hewa ya tabo kwenye kompresheni hiyo, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inatoboka. Ili uweke tabo kwa heshima inabidi ubadilishe pistoni, konrodi, kompyuta, mfumo wa mafuta. Hapo umeshatengeneza injini nyingine. Ukileta 3S-GTE nzima kutoka Ilala, yenyewe ilikuwa imekaa kwa upana wa gari kwenye Caldina, hapa lazima ikae kwa urefu wa gari. Unabadilisha sampu, mikono ya injini, njia za maji. Gia boksi yenyewe, J160, haikuumbwa kubeba msukumo mkubwa. Nimeona mbili zilizovunjika meno.

Lakini sababu kubwa si hiyo. Injini hii kuanzia mizunguko 6,000 kwenda 7,600 inabadilika sauti, na nguvu inakuja kwa kadiri ya mguu wako, haikurushi. Kupanda mlima Kitonga asubuhi, gia ya tatu, dirisha wazi, unasikia ikivuta hewa. Sikutaka kuondoa kitu hicho niweke kingine.

Boksa Nne

Nimekuelewa. Kwenye EJ20 sisi tabo tumezaliwa nayo, hatujui raha nyingine. Kila la heri mkuu.

Spana 14

Mimi ni fundi, Temeke. Umeandika vizuri kuliko wateja wangu wote. Maswali ya kifundi: Umepima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda? Fundi wako amewahi kutoa vichujio vidogo vya oili ya VVT-i? Na beringi ya nyuma ya gia boksi inalia au hailii ukiachia klachi?

Mleta uzi

Fundi, karibu. Kompresheni nimepima mwezi uliopita injini ikiwa na joto, koo la hewa wazi: 205, 205, 200, 205. Karatasi imebandikwa kwenye kauntabuku, ukurasa wa mwisho.

Vichujio vya VVT-i vilitolewa 171,000 pamoja na mkanda. Kimoja kilikuwa na masizi kiasi, kikasafishwa, kikarudi. Hii injini oili chafu ndiyo kifo chake. Mimi namwaga kila 5,000, na nikiwa na safari nyingi za foleni namwaga 4,000.

Beringi hailii. Ukiachia klachi ikiwa baridi kuna mvumo kidogo, ukikanyaga unapotea. Njoo usikie mwenyewe, siwezi kuapa kwa sikio langu, nimeshaizoea.

Spana 14

Huo mvumo kwenye J160 ni wa kawaida kwa umri huo. Ukianza kusikika kwenye gia ya tano ndipo uwe na wasiwasi. Kwa wanaofuatilia uzi: muuzaji anayeweka kipimo cha silinda zote nne na kasoro zake juu, mpeni heshima. Mimi wiki hii nimefungua injini ya kijana aliyenunua gari "imetembea 60,000 tu", ndani masizi kama ya jiko la mkaa.

Mtu wa Kati

Mkuu nina wateja wawili wa haraka. Niruhusu niiweke kwa 20, wewe chukua 17.5 yako kamili, cha juu changu. Gari ije kwenye yadi yangu siku tatu.

Mleta uzi

Nakushukuru, lakini hapana. Sina ugomvi na kazi yako. Ila gari ikikaa yadi itaendeshwa na kila anayekuja, ikiwa baridi, na mtu asiyejua habari ya gia ya tatu. Pia mnunuzi akilipa 20 atakuwa amelipia kitu ambacho mimi sikumuuzia. Nataka nikae naye uso kwa uso nimweleze kila ukurasa.

Mwanafunzi wa Gari

Kaka shikamoo. Mimi sina hela ya kununua, nipo chuo. Nauliza tu: rimu za TE37 mtu atajuaje kama ni halisi? Mtaani kila mtu anasema zake ni original.

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri sana, na kuuliza hakulipiwi.

TE37 halisi zinatoka kwa RAYS wa Japani tangu 1996. Zinafuliwa: bonge la alumini linakandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka linachukua umbo. Za kuiga zinamiminwa kwenye kalibu kama sufuria. Hapo ndipo tofauti ya uzito na ya uimara ilipo. Halisi unaiinua kwa mkono mmoja unashangaa. Ya kuiga ikiingia kwenye shimo la barabara inapasuka kama kauri, halisi mara nyingi hujipinda kwanza, na hiyo ndiyo inayokuokoa ukiwa kwenye mwendo wa 100.

Tazama maandishi: kwenye halisi jina la RAYS na vipimo vya upana na ofseti vipo kwenye chuma chenyewe, si stika peke yake. Geuza rimu utazame nyuma ya mikono; halisi imesafishwa hata mahali pasipoonekana. Na uliza risiti. Zangu nilinunua zikiwa zimetumika, na moja ina mkwaruzo wa ukingo wa barabara, picha ya 19. Sikuipaka rangi kuuficha.

Pwani ya Kaskazini

Salaam kutoka Mombasa. Altezza ya gia sita nimeitafuta miaka. Ikiwa nitakuja nayo huku kwa njia ya Horohoro, kuna njia?

Mleta uzi

Ndugu yangu, nasikitika. Kenya haipokei kusajili gari iliyozidi miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza, na hii ni ya 2001. Utaishia kuiona Lunga Lunga imezuiliwa. Hata ukiniahidi bei kubwa sitakuuzia uje kukwama nayo. Tafuta zilizoingia kwenu zamani, zipo, na mara nyingi wenye nazo hawatangazi.

Pwani ya Kaskazini

Ahsante kwa ukweli. Nilijua jibu, moyo ndio ulikuwa hautaki.

Mama Mwenye Usukani

Kaka, mimi nipo Morogoro, natafuta gari ya kuendesha mwenyewe, si ya kuonyesha watu. Nimeendesha gia za mkono tangu nijifunze kwenye pikapu ya baba. Nimesoma uzi wote mara mbili. Nina maswali ya kizembe labda: bima kubwa wanaikubali gari kama hii? Na siku ya kuja kuiona nifanye nini ili nisidanganywe, hata na wewe?

Mleta uzi

Dada, hakuna uzembe hapo. Hayo ndiyo maswali.

Bima: wanaikubali, lakini waambie kila kilichobadilishwa na kiandikwe kwenye fomu pamoja na thamani yake. Rimu, shokapu, bomba. Usipoandika, siku ya ajali wanakulipa gari ya kiwandani, au wanakugomea kabisa kwa kuwa ulificha. Bodaboda aliponigonga mimi nilikuwa nimeandika yote, kwa hiyo hatukusumbuana.

Kuja kuiona: njoo asubuhi, na usiniambie saa kamili. Ukifika weka mkono juu ya boneti. Ukikuta joto, uniulize nimeiwasha kwa nini, maana injini inayowashwa kabla mteja hajafika inafichwa kitu. Iwashe wewe. Tazama moshi wa sekunde za kwanza: wa bluu ni oili, mweupe mzito usioisha ni maji. Subiri ipate joto kabla ya kuikanyaga. Mwanzo naendesha mimi, wewe kaa pembeni usikilize. Kisha unakaa wewe kabla haijapata joto sana, na uikute hiyo gia ya tatu inakwaruza ili usije ukaambiwa na mtu mwingine. Barabara mbovu tutapita, na Mandela Road tutapita.

Lete fundi wako, usimtumie wa kwangu. Kagua deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi; faini hubaki na gari hata ikibadili mikono. Kadi tutaihakiki TRA pamoja kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Mama Mwenye Usukani

Nakuja na fundi wangu. Siku sisemi.

Namba D

Mleta uzi nimerudi. Nilikwenda kuona zile tatu. Mbili ni AS200 otomatiki. Ya tatu ina nembo ya RS200, kibati kinasema GXE10. Yenye nembo ndiyo ghali kuliko zote. Naomba radhi kwa niliyosema juu.

Mleta uzi

Hukunikosea kitu mkuu. Asante kwa kurudi na majibu, wengine watasoma wapone.

Mleta uzi

Taarifa, wakuu.

Dada wa Morogoro alifika Alhamisi saa moja kasoro asubuhi, mimi nikiwa bado na mswaki mdomoni. Fundi wake ni mzee mtulivu, hakuzungumza nusu saa nzima. Akaweka mkono kwenye boneti, akaitikia kwa kichwa kwamba ni baridi. Akalala chini ya gari kwa tochi. Alipotoka akaniuliza: "Hii sili ya difu, hapa kwenye gia za ekseli ya nyuma, kulia, umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Ekseli ya nyuma kulia pale inapoingia kwenye difu kuna unyevu wa oili, vumbi limeshika. Picha zangu 34 hakuna iliyopiga kona hiyo. Niliona aibu, maana hapa nimejitapa kwamba kila kasoro iko juu. Tukaenda pamoja Gerezani kuulizia sili na kazi yake, nikapunguza hiyo na juu yake kidogo kwa usumbufu. Tumefika milioni 17 kamili.

Kwenye kuangalia faini tukakuta mbili zangu za tochi ya mwendo kasi, moja ya Chalinze ambayo sikuwa na habari nayo. Nimelipa palepale. Mkataba tumeandikishana kwa wakili, hela imepita benki, TRA tumemaliza uhamisho na ushuru wa stempu wa 1%, ambayo tumegawana.

Aliendesha mwenyewe kutoka Tabata hadi Kimara nikiwa pembeni. Kutoka ya pili kwenda ya tatu alikuwa anaegemeza lever kwenye njia, anangoja nusu pumzi, halafu anaisukuma. Haikukwaruza hata mara moja, na injini ilikuwa bado haijapata joto vizuri. Mimi imenichukua miaka mitatu kujifunza hivyo.

Shokapu za kiwandani na bomba tumevipakia buti na kiti cha nyuma. Rimu nne nitamtumia kwa basi.

Mods naomba mbadilishe kichwa cha uzi, gari imeuzwa.

Spana 14

Hongera wote wawili. Huyo mzee namheshimu bila kumjua. Sili ya kulia nami ningeikosa.

Mwanafunzi wa Gari

Kaka asante. Nimeuhifadhi uzi huu wote.

Boksa Nne

Noah ikifika uje uanzishe uzi wake na kauntabuku jipya.

Mleta uzi

Inakuja wiki ijayo. Mama ameshaiona, amepanda na kushuka mara tatu mlangoni bila kushikwa.

Mama Mwenye Usukani

Kaka, nimefika salama jana jioni. Natamani kuifikisha Mikumi, lakini hiyo ni safari ya mwezi ujao. Sili ya difu fundi ameshaifunga leo mchana, nimeandika kwenye kauntabuku: tarehe, kilomita 187,655, bei, na risiti nimeibandika. Nimeanza chini ya mstari wako wa mwisho, sikuruka ukurasa.

Nina swali moja. Ukurasa wa 2016, pembeni ya rimu, umeandika "Tanga, mvua, 3 usiku" halafu ukapigia mstari. Ni kitu cha kiufundi ninachopaswa kukijua?

Mleta uzi

Hapana dada, hakihusu ufundi. Usiku ule mke wangu alikuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, mimi nipo Tanga kikazi. Niliondoka saa tatu na mvua, alfajiri nikawa mlangoni kwa daktari. Niliandika pale kwa sababu ndilo daftari lililokuwa mkononi.

Uache hivyohivyo, kama hutajali.